Visima Kumi na Vinne vya Bonde Lisilo na Kisima

Marafiki zangu, mmeniuliza mara nyingi ni nini hasa kilinipata kule Mbeere, na kila mara nimewajibu kwa kucheka na kuagiza chai nyingine. Si kwamba naona haya, ingawa haya ninayo. Nilikuwa nangoja kisa kifike mwisho wake. Sasa kimefika, kwa hiyo nawaandikia chote, na yule aliyenitangazia pale sokoni Nkubu kwamba nilikwenda Mbeere kutafuta mke wa pili asome kwa makini.

Kazi yangu mnaijua. Tangu nchi ipate Uhuru, ofisi yetu ndogo hapa mjini Meru imekuwa ikichora upya ramani za sehemu ambazo wakoloni walizipita mbio. Nilipewa karatasi ya bonde kavu lililo chini ya Kiritiri, kuelekea mto Tana. Sikuhitaji kwenda huko. Nilikuwa na picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, na ile miwani yetu ya mezani ambayo ukitazamia picha mbili pamoja, milima inanyanyuka kutoka kwenye karatasi mpaka unataka kuikwepa. Nilikaa miezi minne nikichora mistari ya miinuko, vijito na njia za miguu. Katikati ya bonde kulikuwa na mto wa mchanga, mweupe kama unga, na ndani yake niliona maduara madogo meusi, mazuri, yamepangwa kufuata mkondo. Nikayahesabu. Yalikuwa kumi na manne. Nikasema moyoni, hawa watu wamejaliwa, nikachora alama ya kisima mara kumi na nne kwa wino mweusi.

Mimi nimezaliwa Imenti, mahali ambapo maji hupita nyuma ya jikoni usiku na mchana bila kuitwa. Duara jeusi katika mto, kwangu mimi, lingekuwa nini kingine?

Miezi ikapita. Siku moja mkubwa wangu, Bwana Nyaga, aliniita na kunipa barua. Kina mama wa bonde lile walikuwa wameomba serikali iwachimbie kisima. Afisa wa maji akatazama nakala ya kwanza ya ramani yangu, akawajibu kwamba bonde lao tayari lina visima kumi na vinne, kwa hiyo wengine watangulie. Barua iliyokuwa mkononi mwangu ilikuwa jibu la kina mama. Ilisema: "Tunaomba aliyevichora aje atuonyeshe, kwa maana sisi tumevitafuta na hatukuviona."

Bwana Nyaga ni mtu wa Kianjokoma, kwao mvua hunyesha hata siku ya harusi, na si mtu wa maneno mengi. Aliniambia karatasi itapelekwa kwa mpiga chapa baada ya siku kumi. Ikishachapwa na visima vile ndani yake, hakuna ofisi itakayowasikiliza kina mama hao kwa miaka mingi.

"Nenda ukawaonyeshe," akasema.

Meru hadi Karurumo

Tuliondoka na gari la ofisi, dereva akiwa Njue, mzaliwa wa upande wa Runyenjes. Njue anaendesha vizuri sana anapokuwa kimya, lakini sikumbuki lini alikuwa kimya. Kutoka Nkubu hadi Chuka barabara inashuka bondeni na kupanda, inashuka na kupanda, na kila tulipovuka mto mwingine nilizidi kuamini kwamba Kenya nzima ina maji.

Nilikuwa nimevaa sweta mbili. Njue alinitazama, akauliza kama tunakwenda Mbeere au juu ya mlima Kirinyaga kwenye barafu. Nilimjibu kwamba mtu mwenye akili hubeba nguo zake mwenyewe.

Tulipokaribia Runyenjes akakumbuka kwamba shangazi yake anakaa Karurumo, na kwamba kupita karibu na shangazi bila kumsalimia ni dhambi. Nikamwambia tuna siku kumi tu. Akasema ni dakika kumi. Shangazi alitupokea kwa furaha kubwa, akatukalisha, kisha nikasikia kuku akikimbizwa nyuma ya nyumba. Hapo nikajua siku imekwisha. Alikuwa kuku mjanja, alikimbizwa mpaka shambani kwa jirani, na akishapatikana ilibidi achemshwe kwa muda mrefu kwa sababu alikuwa mzee kuliko gari letu. Tulimla saa kumi, na mchuzi wake ulikuwa mtamu hata nikamsamehe Njue.

Tulipokuwa tukiaga, shangazi akatoka na mitungi miwili ya maji na kuisukuma nyuma ya gari. Nilimshukuru, nikamwambia asijisumbue, huko tuendako kuna visima. Alinitazama kwa huruma.

"Nani alikudanganya, mwanangu?" akauliza. "Huko chini hata maji ya kunawa uso ni ya kuomba."

Nikamweleza kwa upole kwamba mimi ndiye mchora ramani. Akasema haya, lakini mitungi hakuishusha.

Karurumo hadi Kiritiri

Tulilala Embu, na kesho yake tuliteremka. Kutoka Embu kwenda Kiritiri mtu anaona nchi ikibadilika kama anayevua nguo: kwanza kahawa inaisha, halafu migomba, halafu majani yenyewe, mpaka unabaki na udongo mwekundu, miti ya miiba na mbuzi wanaokutazama kama wenye shamba. Nilivua sweta ya kwanza kabla ya saa nne. Ya pili niliishikilia kwa kiburi tu, mpaka Njue akasema nikizirai hatanibeba.

Kiritiri ilikuwa siku ya soko. Tulikula kunde na ugali wa mwere, yaani mawele, kwenye kibanda kimoja, na mwenye kibanda alipotuletea maji ya kunawa alileta kikombe kimoja kwa watu wawili. Njue akanawa kwanza. Mimi, kwa mazoea ya kwetu, nikamwaga yaliyobaki chini ili niletewe mengine. Watu wote wakageuka kuangalia pale yalipomwagika. Mwenye kibanda hakunigombeza. Aliokota kikombe, akakiangalia ndani, akaniuliza natoka wapi. Nilipotaja Meru watu wakacheka wakasema ndiyo maana, na mzee mmoja aliyekuwa na magunia ya makaa akanisogezea asali yake nilambe, kama mtu anayembembeleza mgeni aliyepotea. Nililamba. Lakini yale maji niliyoyamwaga yalianza kuniuma tangu hapo.

Kiritiri hadi mtoni

Kutoka Kiritiri hakuna barabara ya kusema, kuna nyayo za mbuzi zilizopanuka. Tulifika bondeni kama saa sita. Habari zilikuwa zimetutangulia, sijui kwa njia gani. Kando ya mto walikuwa wamesimama kina mama wapatao thelathini, wamejipanga vizuri, na kila mmoja ana debe au mtungi. Wengine walikuja na punda.

Aliyetangulia kutusalimia aliitwa Mama Wambeti, mama wa makamo, mwembamba, mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Yeye ndiye aliyeiandikisha ile barua. Akaniuliza kama ni mimi niliyechora. Nikasema ni mimi.

"Tumekuja na madebe," akasema. "Tuonyeshe."

Hakuna aliyecheka, lakini niliona mabega yakitikisika huku nyuma. Njue aligeuka akajifanya anakagua tairi. Basi nikatoa picha yangu, nikaigeuza mpaka ikakaa sawa na bonde, nikaanza kutembea juu ya mchanga kuelekea duara la kwanza, na madebe thelathini yakinifuata yakigongana.

Duara lilikuwepo. Nilipoliona kwa mbali moyo ulinirukia kwa furaha, nikanyoosha kidole. Tulipofika nikakuta ni uzio wa matawi ya miiba, umezungushwa kwa ustadi, mweusi kwa kukauka. Ndani yake kulikuwa na shimo limechimbwa mchangani, refu kupita kimo changu, na chini kabisa mama mmoja amechuchumaa, anakwangua maji kwa kibuyu kilichokatwa, kijiko kwa kijiko. Miiba ilikuwa ya kuzuia mbuzi wasiporomoke ndani na kuharibu. Basi. Hicho ndicho ndege ilichokiona kutoka juu, na hicho ndicho mimi nilichokipa alama ya kisima cha serikali.

"Hii shimo nilichimba mimi Jumanne," Mama Wambeti akaniambia. "Ile ya kwa picha yako ilikuwa ya mwaka jana. Ilienda na mto."

Nikaomba kushuka. Walinishusha kwa kamba, na sasa wakacheka waziwazi, maana shati langu lilinasa miibani na kubaki juu. Chini kulikuwa na maji kiasi cha kujaza sufuria ndogo. Ukichota, unangoja mchanga utoe jasho tena. Niliteka debe moja. Nilipoanza, jua lilikuwa utosini. Debe lilipojaa, kivuli cha ukuta wa shimo kilikuwa kimenifunika kabisa, na mgongo wangu umekataa kunyooka. Mama Wambeti akalipokea debe, akalitazama, akasema kwamba kwa mgeni si vibaya. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nimezaliwa. Nilikuwa nimewanyima watu hawa maji kwa ncha ya kalamu, nimekaa kwenye kiti, nikinywa chai.

Nilikuwa bado nimekaa mchangani nikipumua wakati kina mama walipoanza kuokota madebe yao kwa haraka. Mbingu ilikuwa safi. Nikauliza kuna nini. Mama Wambeti akasema mvua imenyesha kwenu huko juu tangu jana, na mto unakuja, kisha akauliza kwa nini gari letu limesimama mchangani.

Lilikuwa limesimama hapo kwa sababu Njue alitaka kivuli cha ukingo. Akaruka ndani, akaliwasha, na magurudumu yakajichimbia shimo lao wenyewe, la kumi na tano. Tukasukuma, lisitoke. Ndipo kina mama wakaanza kung'oa zile nyua za miiba kutoka kwenye mashimo yao na kuzitupa chini ya magurudumu. Nikawaambia waache, ni kazi yao yote hiyo. Mmoja akanijibu kwamba mto utazichukua hata hivyo, nisukume. Nikasukuma. Gari likapanda ukingo likinguruma, na magurudumu mawili yakatoa pumzi palepale kwa sababu miiba ni miiba.

Maji yalikuja muda mfupi baadaye, rangi ya udongo, yakisukuma magogo mbele yake. Yalipita juu ya shimo la Mama Wambeti na mengine yote. Nilisimama na picha yangu mkononi na kuona maduara yangu yakifutwa.

Siku mbili za kungoja mto

Tulikuwa ng'ambo isiyo ya kwetu, tuna pancha mbili na tairi moja la akiba. Tulikaa siku mbili nyumbani kwa Mama Wambeti, na mitungi ya shangazi ikawa zawadi ambayo sikuwa nimeipanga. Walitupa uji wa mwere na pojo, na mume wake, mfugaji wa nyuki mwenye maneno machache, akatuonyesha mizinga yake yote, mmoja baada ya mwingine, mpaka Njue akaumwa na nyuki kwenye mdomo na kukaa kimya kwa nusu siku. Namshukuru nyuki huyo mpaka leo.

Siku ya pili nilitandaza karatasi yangu kwenye kiti, nikamweleza Mama Wambeti kwamba nitayafuta yote kumi na manne. Nilidhani atafurahi. Alifikiri kwanza, huku akichambua pojo, halafu akaniuliza kila mtu akitazama ramani hiyo ataona nini. Nikamwambia ataona bonde na mto wa mchanga, bila maji.

"Sikia," akasema. "Ukiandika maji iko, hatupati kisima. Ukiandika maji hakuna, watasema hapa watu hawawezi ishi, tuhamishwe. Na sisi tuko. Sasa utaandika nini?"

 Katika alama zote tulizofundishwa, hakuna ya shimo ambalo leo lipo na kesho halipo, ambalo linalisha watu kwa kuchimbwa upya kila mwaka. Nilitembea kando ya mto mpaka chakula kikaiva. Niliporudi nilikuwa nimeamua kwamba pale ambapo alama hazitoshi, nitaandika maneno, na nikamwomba anisaidie kuyapanga. Tulibishana sana. Mimi nilitaka mafupi, yeye alitaka yawe na kiangazi, na watu, na taabu. Taabu nikaikataa, nikamwambia ramani haina nafasi ya taabu. Akasema hiyo ndiyo shida ya ramani. Siku hiyohiyo nilizunguka naye nyumba kwa nyumba, nikaweka nukta moja kwa kila boma, maana mengi yamejificha chini ya miti na ndege haikuyaona.

Kurudi

Mto ulipopungua tulivuka polepole, tairi la akiba likiwa mahali pa moja na jingine tumelijaza nyasi. Tayari kina mama walikuwa mchangani wakichimba upya. Kiritiri, fundi alichomoa miiba ishirini na moja kwenye matairi yetu, akaipanga juu ya ubao ili kila mpita njia aione. Nilipita kwenye kile kibanda nikanawa kwa maji kidogo sana, na mwenye kibanda akatikisa kichwa kwa kuridhika. Karurumo tulipita mbio. Njue alifumba jicho moja ili asiione nyumba ya shangazi.

Nilifika ofisini zikiwa zimebaki siku nne. Wino wa ramani haufutiki kwa raba, hukwanguliwa kwa wembe, taratibu, usije ukatoboa karatasi. Nilikwangua kumi na nne. Halafu nikaandika kufuata mkondo wa mto: *Maji ya watu huchimbwa mchangani wakati wa kiangazi.*

Bwana Nyaga aliisoma mara mbili. Akasema ramani haisimulii hadithi. Akasema afisa wa maji akienda huko mwezi wa Aprili na kukuta mto umejaa mpaka kingoni, atauliza ni mwongo gani aliyeandika hivi.

"Nani ameona?" akauliza.

"Mimi."

"Basi weka sahihi yako hapa. Neno hili likigeuka uongo, ni lako."

Mnajua kwamba wakati ule nilikuwa bado kwenye majaribio, sijathibitishwa kazini, na nyumbani nina watoto wawili wa shule. Niliogopa, sitawadanganya. Lakini nilikumbuka ule mchanga unaotoa jasho, nikaweka sahihi, kubwa kuliko kawaida yangu.

Miezi minane baadaye ilikuja barua kutoka bondeni. Mashine ilifika. Ilichimba mahali pawili ikakuta mwamba, na pa tatu ikapata maji. Ni ya chumvi, barua ikasema, watu hawayawezi, lakini mbuzi wanayapenda, kwa hiyo maji ya mchangani sasa yamebaki ya watu peke yao na hakuna tena haja ya kuweka uzio. Bwana Nyaga akaisoma, akaniambia nikichore kisima hicho kwenye nakala ya ofisi. Nilimwambia siwezi, bado sijakiona. Akamwita Njue.

Basi nilikwenda tena, wiki iliyopita, na ndiyo maana hamkunipata kanisani. Nilivaa shati moja tu. Mama Wambeti alinipa maji ya kile kisima nionje kwanza, nikakunja uso mzima, na kina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Pembeni yetu mbuzi walikuwa wakinywa kwenye hori bila kuinua vichwa. Nilitandaza karatasi juu ya boneti ya gari, wakanizunguka, nikapima hatua kutoka mtoni na kutoka kwenye boma la karibu, nikauliza kila mmoja kama ni hapa. Walipokubaliana wote, nikachora duara moja. Lilinichukua muda mrefu kuliko yale kumi na manne yote pamoja.

Mama Wambeti aliinama, akalitazama kwa karibu sana, akaweka kidole kando yake bila kugusa wino.

"Sasa hiyo," akasema, "ni kisima."